Umetoka Hospitali, Pumzi Bado Fupi: Mwongozo wa Kupona Mapafu Baada ya Nimonia ya Virusi

Homa imeshuka, daktari ameandika ruhusa, ndugu wamekuja kukuchukua. Siku ya pili nyumbani unakwenda msalani, na ukirudi kitandani unahema hata kuzungumza huwezi. Hofu inaingia: je, mapafu yameharibika moja kwa moja? Je, nimetolewa hospitali mapema? Wapo wanaoshikwa na hofu hiyo wakajilaza miezi miwili bila kusogea. Wapo pia wanaoipuuza, wakarudi shambani au kwenye ujenzi wiki hiyohiyo. Wote hujichelewesha kupona.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mzima aliyeugua nimonia iliyoletwa na virusi, iwe vya mafua makali ya influenza, vya UVIKO-19 au vya aina nyingine, na kwa ajili ya ndugu wanaomuuguza. Mapafu ya watu wengi hupona, lakini kazi hiyo huchukua wiki na miezi. Katika muda huo pumzi ipimwe na iandikwe, isikisiwe. Anayepima hujua lini asubiri kwa utulivu, na lini arudi hospitali bila kuchelewa.

Kilichotokea ndani ya kifua

Mapafu ya mtu mzima yana vifuko vidogo vya hewa vinavyokadiriwa kufika milioni 480. Ukuta wa kila kifuko ni mwembamba mno, na nyuma yake imepita mishipa midogo ya damu. Oksijeni unayoivuta hupenya ukuta huo na kuingia kwenye damu, na hewa chafu ya kaboni hutoka kwa njia hiyohiyo.

Virusi vinapofika huko chini, seli za ukuta huo huumia na kufa. Maji na seli za kinga hujaa ndani ya vifuko, na ukuta uliokuwa mwembamba huvimba. Huumia pia seli zinazotengeneza ute unaozuia vifuko kusinyaa. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuvuta hewa kwa bidii zote na bado oksijeni kwenye damu ikawa ndogo: hewa imefika, lakini mlango wa kuingilia kwenye damu umezibwa.

Seli zinazotengeneza ute ule ndizo pia zinazojigawa na kujenga upya ukuta wa vifuko. Ujenzi huo huanza mapema, ila kuukamilisha huchukua muda. Kwa wagonjwa wachache, hasa waliougua vibaya sana, sehemu ya tishu hugeuka kovu gumu lisilopitisha hewa vizuri.

Watafiti wamefuatilia jambo hili mara kadhaa. Huko Hong Kong, baada ya mlipuko wa SARS wa mwaka 2003, wagonjwa 97 walipimwa mwaka mmoja tangu waugue. Karibu robo yao, asilimia 23.7, mapafu yao bado yalikuwa hayapitishi gesi kwenye damu kwa kiwango cha kawaida. Huko Wuhan, China, wagonjwa 1,733 wa UVIKO-19 waliotoka hospitali ya Jin Yin-tan walifuatiliwa kwa takriban miezi 6. Asilimia 63 bado walilalamikia uchovu au udhaifu wa misuli. Baadhi yao walipimwa mapafu. Upungufu wa kupitisha gesi ulionekana kwa asilimia 22 ya wale ambao hawakuhitaji oksijeni hospitalini, na kwa asilimia 56 ya waliougua vibaya kiasi cha kuhitaji mashine za kusaidia kupumua.

Takwimu hizo zinatufundisha mambo mawili. Kwanza, kadiri ugonjwa ulivyokuwa mkali ndivyo ufuatiliaji unavyotakiwa kuwa wa karibu zaidi. Pili, hata aliyeugua bila kuwekewa oksijeni anaweza kubaki na upungufu, kwa hiyo malalamiko yake yasichukuliwe kuwa ya kujidekeza.

Ratiba ya kawaida ya kupona

Miongozo ya afya ya Uingereza huwapa wagonjwa wa nimonia ratiba rahisi, nayo inafaa kubandikwa ukutani:

- Wiki ya 1: homa iwe imekwisha.
- Wiki ya 4: maumivu ya kifua na makohozi yawe yamepungua sana.
- Wiki ya 6: kikohozi na kukosa pumzi viwe vimepungua sana.
- Mwezi wa 3: dalili nyingi ziwe zimekwisha, ingawa uchovu unaweza kubaki.
- Mwezi wa 6: wengi huwa wamerudi katika hali yao ya kawaida.

Aliyelazwa chumba cha wagonjwa mahututi, mzee, mwenye kisukari, pumu, ugonjwa wa moyo au VVU anaweza kuchukua muda mrefu zaidi. Usijilinganishe na jirani aliyepona kwa wiki tatu; jilinganishe na ulivyokuwa wewe wiki iliyopita. Ukiona unasogea mbele, hata kidogo, uko njiani. Ukisimama palepale wiki nyingi au ukirudi nyuma, hapo pana jambo la kuchunguzwa.

Si mapafu peke yake

Watu wengi wakihema hudhani kasoro ni ya mapafu tu. Utafiti wa Toronto, Canada, uliochapishwa mwaka 2003, uliwafuatilia watu 109 walionusurika baada ya mapafu yao kushindwa kufanya kazi ghafla, nimonia ikiwa moja ya sababu kubwa. Kufikia miezi 6, kiasi cha hewa walichoweza kuvuta na kupuliza kilikuwa kimerudi karibu na kawaida. Lakini hata baada ya mwaka mzima, umbali waliomudu kutembea kwa dakika 6 ulikuwa kama theluthi mbili tu ya uliotarajiwa. Kilichowazuia zaidi ni misuli iliyokonda na kuishiwa nguvu.

Mtu aliyelala kitandani wiki mbili hupoteza misuli ya mapaja, ya mgongo, na hata msuli mkubwa wa kupumulia ulio chini ya mbavu. Misuli dhaifu huchoka upesi na kudai hewa nyingi kwa kazi ndogo. Kwa sababu hiyo dawa ya pumzi fupi iko kwa sehemu kubwa katika chakula na mwendo. Kula maharage, mayai, dagaa, samaki, maziwa, karanga, chochote chenye protini kinachopatikana kwako, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku kama hamu ya kula bado ni ndogo. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza kiasi kinachomfaa.

Vipimo vya hospitali na maana yake

Ukirudi kliniki unaweza kuandikiwa vipimo kadhaa. Ni haki yako kuelewa kila kimoja kinatafuta nini.

*Picha ya kifua.* Inaonyesha kama nimonia imesafika. Mara nyingi picha huchelewa kusafika ingawa mgonjwa anajisikia nafuu, kwa hiyo hakuna haja ya kupigwa kila wiki. Madaktari wa kifua wa Uingereza hushauri irudiwe baada ya wiki 6 hivi kwa mwenye dalili zisizoisha, kwa mvutaji sigara na kwa aliyezidi miaka 50, kwa sababu nyuma ya nimonia huweza kujificha uvimbe wa saratani. Kwa nimonia ya UVIKO-19 walishauri wiki 12.

*Spirometria.* Hiki ni kipimo cha kupuliza. Unavuta hewa hadi mwisho, kisha unapuliza kwa nguvu zako zote ndani ya mrija mpaka hewa iishe, na unarudia walau mara tatu. Mashine husoma hewa yote uliyoitoa, na hewa iliyotoka katika sekunde ya kwanza. Hewa yote ikipungua huku sehemu ya sekunde ya kwanza ikibaki na uwiano wa kawaida, huenda mapafu yamekaza na hayatanuki vizuri. Hewa ya sekunde ya kwanza ikiwa ndiyo ndogo, njia za hewa zimebana, jambo linaloashiria pumu au madhara ya muda mrefu ya moshi.

Kuna jambo watu weusi wanapaswa kulijua. Kwa miaka mingi mashine nyingi za spirometria zilipangwa kutarajia mapafu madogo kwa mtu mweusi, hivyo upungufu ungeweza kusomeka kuwa ni hali ya kawaida. Mwaka 2023 chama cha madaktari wa kifua cha Marekani, American Thoracic Society, kilishauri vitumike vigezo vya pamoja kwa watu wote. Kwa hiyo omba upewe karatasi yenye lita zako halisi, si asilimia pekee. Ukipimwa tena, linganisha lita na lita, na ikiwezekana kwa mashine ileile.

*Kipimo cha kupitisha gesi.* Hiki ndicho kinachogundua zaidi kasoro inayoachwa na nimonia ya virusi, kwa sababu kinachunguza ule ukuta wa vifuko vya hewa. Unavuta mchanganyiko wa gesi maalumu, unashikilia pumzi kwa sekunde 10 hivi, kisha unapuliza. Mashine yake ni ghali, na si hospitali nyingi zinazo. Anayehema miezi mitatu baada ya ugonjwa ilhali spirometria yake ni ya kawaida aulize kama anaweza kupewa rufaa.

*Kutembea dakika 6.* Kipimo hiki hakihitaji mashine kubwa. Korido tambarare yenye urefu wa mita 30, saa, kiti na kipima oksijeni cha kidoleni vinatosha. Unatembea uendavyo kwa dakika 6, na mhudumu anapima umbali na oksijeni. Watu wazima wengi wenye afya hufikisha kati ya mita 400 na 700. Hospitali ya wilaya inaweza kukifanya kipimo hiki, na kikirudiwa baada ya miezi kinaonyesha wazi kama mgonjwa anasonga mbele.

Vipimo vya nyumbani

Tenga daftari dogo. Kila siku kwa saa ileile, ukiwa umepumzika, andika mambo manne: tarehe, kazi uliyoimudu, ulivyohema, na oksijeni kama una kifaa.

Kwa upande wa kuhema, tumia ngazi hizi ambazo madaktari pia huzitumia:

- 0: nahema nikifanya kazi nzito tu.
- 1: nahema nikiharakisha au nikipanda kilima kidogo.
- 2: natembea polepole kuliko wenzangu wa rika langu, au inanibidi nisimame kupumzika hata nikitembea kwa mwendo wangu mwenyewe.
- 3: inanibidi kusimama nikishatembea kama mita 100.
- 4: nahema hata nikivaa nguo, au siwezi kutoka nyumbani.

Kipima oksijeni cha kidoleni kinasaidia kikitumiwa vizuri. Keti dakika tano, pasha mikono joto, ondoa rangi ya kucha, na tumia kidole kisicho na piko. Hina nyeusi huweza kuuzuia mwanga wa kifaa kufika kwenye damu. Subiri namba itulie, ndipo uandike. Kwa walio wengi, 95 na kuendelea ni sawa. Ukipata 93 au 94 mara kwa mara, wasiliana na kituo cha afya siku hiyohiyo. Ukipata 92 au chini yake, nenda hospitali. Wanaoishi nyanda za juu, Nairobi au Mbeya kwa mfano, wanaweza kusoma chini kidogo hata wakiwa wazima, kwa hiyo muulize daktari kiwango chako wewe.

Lakini usikiamini kifaa kuliko mwili. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwishoni mwa mwaka 2020 ulichunguza wagonjwa ambao kifaa kiliwasomea kati ya 92 na 96. Kwa wagonjwa weusi, asilimia 11.7 ya vipimo hivyo vilificha oksijeni iliyokuwa chini ya 88 kwenye damu. Kwa weupe ilikuwa asilimia 3.6. Ngozi nyeusi inaweza kukifanya kifaa kisome juu kuliko ukweli. Ukiwa unahema vibaya, midomo imebadilika rangi au umechanganyikiwa, nenda hospitali hata namba ikiwa nzuri.

Kuna pia kipimo cha kusimama na kuketi. Kwa dakika moja unainuka kwenye kiti na kuketi tena bila kujisukuma kwa mikono, huku kidole kikiwa ndani ya kifaa. Oksijeni ikishuka kwa pointi 3 au zaidi, mwambie daktari. Usifanye kipimo hiki ukiwa peke yako, wala kama oksijeni yako ni ndogo ukiwa umeketi tu, au kama una maumivu ya kifua.

Ukikosa pumzi ghafla

Kabla ya yote, acha unachofanya. Keti, inama mbele kidogo, weka viwiko juu ya mapaja au juu ya meza, na ulegeze mabega. Kama uko njiani, egemea ukuta au nguzo. Mkao huo huipa nafasi misuli ya kifua.

Kisha vuta hewa taratibu kwa pua, ukiacha tumbo litoke mbele. Banisha midomo na itoe hewa polepole kwa mdomo, kama unayepoza chai ya moto. Kutoa kuchukue muda mrefu kuliko kuvuta, takriban mara mbili. Rudia mpaka kifua kitulie. Usishikilie pumzi unapoinua kitu: toa hewa wakati wa kuinua ndoo, wakati wa kuinuka kitini, wakati wa kupanda ngazi.

Jizoeze mkao na upumuaji huu mara mbili kwa siku ukiwa mzima, ili siku ya shida mwili uwe unajua la kufanya. Pumzi ikigoma kutulia baada ya dakika chache za kupumzika, hiyo ni dharura.

Kurudi kwenye mwendo na kazi

Shirika la Afya Duniani lilitoa kijitabu cha kujihudumia baada ya UVIKO-19 ambacho kinagawa safari ya kurudi kwenye mazoezi katika hatua tano. Kila hatua hudumu walau siku 7, na jitihada hupimwa kwa alama za 0 hadi 10, ambapo 0 ni kutotumia nguvu kabisa na 10 ni mwisho wa uwezo wako.

Hatua ya kwanza ni mazoezi ya pumzi, kunyoosha viungo na kutembea taratibu, kwa jitihada ya 0 hadi 1. Ya pili ni kutembea zaidi na kazi nyepesi za nyumbani au bustanini, 2 hadi 3. Ya tatu ni kutembea kwa kasi, kupanda ngazi, na mazoezi ya kuipa misuli nguvu, 4 hadi 5. Ya nne ni kukimbia, kuendesha baiskeli, kuogelea au kucheza dansi, 5 hadi 7. Ya tano ni kurudi kwenye mazoezi au kazi uliyokuwa ukiifanya kabla ya kuugua. Ukishindwa hatua moja, rudi ya nyuma yake.

Mahali pengi nguzo za umeme ni kipimo kizuri cha umbali. Anza kwa kwenda nguzo moja na kurudi. Ukiimudu siku kadhaa bila kuamka umechoka kesho yake, ongeza ya pili. Unapotembea uweze kusema sentensi nzima bila kukatika. Ukishindwa, punguza mwendo. Na ukiona kila ukijitahidi leo unaangushwa na uchovu mkubwa kesho au keshokutwa, usijisukume. Punguza kazi, gawa siku kwa vipindi vya kupumzika, na umweleze daktari.

Shughuli za kila siku nazo zipangwe. Oga ukiwa umeketi kwenye kigoda. Osha vyombo na kata mboga ukiwa kitini. Chota maji nusu ndoo mara mbili badala ya ndoo nzima mara moja. Mwislamu aliyeshindwa kusimama ana ruhusa ya kuswali ameketi, na mwanakwaya asubiri pumzi itulie kabla ya kurudi kuimba saa nzima.

Kazi nyingine zinahitaji kibali cha daktari kabisa: mvuvi anayepiga mbizi, mpagazi wa Kilimanjaro anayepanda kuelekea mita 5,895 ambako oksijeni ni haba, fundi anayeshinda kwenye vumbi la saruji, na dereva wa masafa marefu anayelemewa na uchovu. Aliyeambiwa kuwa virusi viliathiri moyo asifanye mazoezi makali mpaka daktari amruhusu.

Moshi, dawa za mkononi na kujifukiza

Mapafu yanayojijenga hayahitaji mzigo mwingine. Sigara, shisha na bangi viachwe. Anayepona asikae jikoni penye kuni au mkaa; mwingine apike, au jiko litolewe nje. Jiko la mkaa lisiwekwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa hewa yake ya sumu huua hata mzima. Udi, ubani na dawa ya mbu ya kuchoma visitumike katika chumba anacholala.

Dawa za kuua bakteria haziui virusi. Daktari aliyeziandika hospitalini aliona hatari ya bakteria kuingia juu ya virusi. Hiyo si ruhusa ya kununua nyingine dukani kila ukikohoa. Deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe, nayo ina sifa yake ya haki: majaribio yaliyofanyika Uingereza mwaka 2020 yalionyesha kwamba ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja kwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia. Dozi ilikuwa miligramu 6 kwa siku, kwa muda usiozidi siku 10, tena hospitalini. Kuendelea kuimeza nyumbani bila daktari hupandisha sukari, hudhoofisha misuli na hushusha kinga. Wapo wachache ambao uvimbe wa mapafu unabaki na wanahitaji dawa za jamii hiyo, ila hao huamuliwa na daktari baada ya vipimo.

Kujifukiza, au nyungu, kulipendwa sana wakati wa korona. Mvuke unaweza kulegeza kamasi puani, lakini haujengi vifuko vya hewa, na maji ya moto yameunguza watu. Mgonjwa aliyedhoofu asifunikwe blanketi juu ya sufuria inayochemka.

Kikohozi kisichoisha

Kikohozi kikavu kinachopungua polepole baada ya nimonia ni cha kawaida. Lakini katika nchi zetu kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinadai kipimo cha kifua kikuu, hata kama nimonia ilithibitishwa. Ukiwa pia na jasho la usiku, kupungua uzito, homa za jioni au makohozi yenye damu, peleka makohozi yapimwe bila kusubiri tarehe ya kliniki. Vipimo vya kifua kikuu na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali vya Tanzania na Kenya. Kama hujui hali yako ya VVU, huu pia ni wakati wa kupima.

Nenda hospitali sasa hivi

Usisubiri kukuche ukiona mojawapo ya haya:

- Unahema ukiwa umeketi, au huwezi kumaliza sentensi.
- Midomo au ulimi umegeuka rangi ya bluu au kijivu.
- Maumivu ya kifua, hasa yanayochoma unapovuta hewa, au mapigo ya moyo kwenda mbio bila sababu.
- Mguu mmoja umevimba na unauma. Damu inaweza kuganda mguuni baada ya ugonjwa mkali na kulala muda mrefu, kisha ikasafiri hadi kwenye mapafu.
- Unakohoa damu.
- Homa imerudi baada ya kuondoka, au makohozi yamegeuka kuwa usaha.
- Umezirai, umechanganyikiwa au huamshiki kirahisi.
- Miguu yote inavimba na huwezi kulala bila kuinua mito. Hiyo yaweza kuwa dalili ya moyo.

Mwongozo huu ni wa watu wazima, lakini kama aliyeugua ni mtoto, hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Ni za kasi zikifika 60 kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5. Mtoto anayepumua kwa kasi hivyo, ambaye kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa, anayeshindwa kunyonya au anayelegea, apelekwe kituoni mara moja.

Kwa ndugu wanaouguza

Mgonjwa aliyewahi kupigania pumzi huogopa usiku. Katika ule ufuatiliaji wa Wuhan, asilimia 26 walikuwa na shida ya usingizi na asilimia 23 walikuwa na wasiwasi au sonona, miezi 6 baada ya kuugua. Hofu nayo hufupisha pumzi, na pumzi fupi huongeza hofu. Kaa naye, fanya naye mazoezi ya kupumua, tembea naye ile nguzo moja. Usimfanyie kila kitu, kwa kuwa misuli hurudi kwa kutumika. Usimwambie mvivu, kwa kuwa uchovu wake ni wa kweli. Huzuni ikizidi wiki mbili au akianza kusema maneno ya kukata tamaa, mpeleke kwa mhudumu wa afya.

Kabla hujatoka wodini, na siku ya kliniki

Uliza maswali haya, na majibu yaandikwe kwenye karatasi ya ruhusa:

1. Nimonia yangu ilisababishwa na nini, na ilishika pafu moja au yote mawili?
2. Oksijeni yangu leo ni ngapi nikiwa nimeketi, na ngapi baada ya kutembea?
3. Dawa ipi niache lini?
4. Nirudi tarehe gani, na nitapimwa nini?
5. Je, kuna mtaalamu wa fiziotherapia wa kunielekeza mazoezi?
6. Nikishapona, nipate chanjo zipi: ya mafua, ya UVIKO-19, au ya bakteria wa nimonia?

Kama hukupewa tarehe, jipangie mwenyewe kurudi kati ya wiki ya 6 na ya 12, ukiwa na daftari lako. Nenda mapema zaidi kama uko ngazi ya 3 au ya 4 ya kuhema na husogei. Daktari mwenye wagonjwa wengi na dakika chache hawezi kuona miezi miwili yako kwa kukutazama. Daftari lenye tarehe, umbali na oksijeni litamwonyesha kwa mara moja kama mapafu yanapanda, yamesimama au yanashuka, na hapo ataweza kuamua upewe muda, kipimo au rufaa.